Wananiita Daktari, lakini mimi nilisomea kompyuta

Shikamoo Mshauri,

Nina miaka 41, nimeolewa, nina watoto wawili. Shahada yangu ya uzamivu ni ya sayansi ya kompyuta, na kazi hiyo imenilisha miaka 14: kuandika programu, kutafuta hitilafu kwenye programu za wengine, na siku hizi kusimamia vijana wanaofanya hayo hayo. Nakuandikia kwa sababu barua yangu ya kuacha kazi iko tayari. Nimeihifadhi kwenye kompyuta wiki tatu sasa, na kila asubuhi naifungua, nasahihisha nukta moja, naifunga.

Nianzie mbali kidogo. Nina kipandauso tangu nikiwa chuoni. Asiyekijua huniambia nimeze dawa ya maumivu nilale. Kwangu kinaanza na doa linalometameta pembeni mwa jicho, kama kioo cha simu kilichopasuka, na baada ya nusu saa upande mmoja wa kichwa unagongwa nyundo, hata taa ya friji siwezi kuivumilia. Nimepimwa, nimepigwa picha ya kichwa, nimepewa dawa za kuzuia. Moja ilininenepesha, nyingine ikanifanya nisahau maneno katikati ya kikao. Kuna mwezi nilihesabu siku 12 za maumivu.

Mwaka juzi yalinizidi nikaomba likizo bila malipo ya miezi mitatu. Ni katika likizo hiyo mume wangu alinipeleka kwa mtu anayetibu kwa sindano na mitishamba. Wote tunamwita Mwalimu. Siku ya kwanza alinisikiliza saa nzima na robo. Daktari wa mwisho niliyemwona alinisikiliza huku macho yake yako kwenye kompyuta, na mimi ni mtu wa kompyuta, lakini niliumia. Mwalimu alinichoma zile sindano nyembamba kwa wiki nane na kunipa unga wa kunywa asubuhi. Mwezi wa tatu nilipata siku 2 tu. Nililia.

Basi nikaanza kumsaidia. Nilimtengenezea tovuti, halafu nikarekodi video nikisimulia yaliyonipata. Chini ya video jina langu liliandikwa kama lilivyo kwenye vyeti: Dkt. fulani. Watu wakaanza kuniandikia. "Daktari, mwanangu ana pumu." "Daktari, nimeambiwa nina uvimbe." Mwanzoni nilikuwa najibu kwamba mimi si daktari wa tiba. Mwalimu akaniambia, tena kwa upole, kwamba nawavunja moyo wagonjwa, na kwamba udaktari ni udaktari, sikupewa bure. Nikaacha kusahihisha. Sasa anataka niingie kamili kama mshirika wake: niwe sura ya kazi, nizunguke nikitoa mihadhara, na niandike programu ya simu ambayo mgonjwa anaingiza dalili zake, nayo inamtajia mchanganyiko unaomfaa. Wala si kwa kipandauso peke yake. Kuna presha, kisukari, uzazi, hata saratani.

Mambo mawili yananikosesha usingizi. La kwanza ni jedwali. Mwalimu alinipa madaftari yake ya wagonjwa niyaingize kwenye kompyuta, tupate takwimu za kuwaonyesha watu. Nilipomaliza, tisa kati ya kila kumi walikuwa wameandikiwa "amepona" au "anaendelea vizuri". Nilifurahi kama dakika tano. Kisha nikaona kwamba nafasi ya matokeo imejazwa kwa waliorudi tu. Wengine, ambao ndio wengi, walikuja mara moja, na mbele ya majina yao hakuna kitu. Nilipouliza, Mwalimu akacheka: "Aliyepona atarudi kufanya nini?"

La pili ni ujumbe wa mama mmoja, ulioingia usiku. "Daktari, natumia vidonge vya presha mwaka wa sita. Tangu nianze dawa yenu najisikia mwepesi. Je, niviache?" Niliandika jibu, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikampa namba ya Mwalimu. Kesho yake nikamwuliza Mwalimu alimjibu nini, akasema amemwambia apunguze taratibu, mwili utajiongoza wenyewe. Yule mama hajaniandikia tena. Ni miezi miwili sasa.

Kaka yangu ni mfamasia. Aliniambia ninakodisha cheti changu, akakata simu, na mpaka leo hatusemezani. Mume wangu kwa upande wake anasema hajaniona nikicheka hivi tangu tuoane, na kwamba nikiendelea na kazi ile kipandauso kitarudi chote. Mimi najua nilichokiona mwilini mwangu. Je, mwanasayansi anatakiwa akane alichokiona kwa sababu tu hakimo kwenye vitabu vyake? Niitume ile barua au niifute?

Ni mimi,
Daktari wa Kompyuta

Mshauri anajibu:

Marahaba, mwanangu. Na pole. Mimi kipandauso hakijanipata, ila nimekaa nyumba moja na dada yangu aliyekuwa akishinda amefunika uso kwa kitambaa cheusi, kwa hiyo hicho kioo kilichopasuka nilikisikia kabla yako.

Umeniuliza kuhusu barua moja, ile ya kuacha kazi. Lakini hesabu mistari uliyoandika. Ya kazi ni michache. Iliyokukaa moyoni ni jedwali lenye nafasi tupu na mama aliyenyamaza. Nadhani ndiyo maana kila asubuhi unahangaika na nukta badala ya kubonyeza "tuma". Kwa hiyo niruhusu nianze na huyo mama. Kazi inaweza kusubiri.

Presha haina kelele. Mtu anaweza kutembea na presha ya juu miaka mingi, anacheka, anajisikia mwepesi, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo inaumia polepole. Kwa hiyo "najisikia vizuri" haimwambii yeye, wala wewe, wala Mwalimu, chochote kuhusu presha yake. Kinachosema ni kile kipimo kinachofungwa mkononi. Tena zipo dawa za presha ambazo zikikatishwa ghafla huirusha juu, wakati mwingine kuliko ilivyokuwa kabla ya dawa, na kwa sababu hiyo kuzipunguza ni kazi ya aliyeziandika, akiwa anapima. Wewe unaijua hitilafu ya aina hii: ile ambayo haitoi ujumbe wowote kwenye kioo, mfumo unaendelea kuitika kama kawaida, mpaka siku unazimika.

Mtafute. Mwandikie leo. Mwambie kwamba udaktari wako ni wa kompyuta, kwamba ulipaswa kumwambia hivyo usiku ule, na kwamba kama ameshapunguza vidonge aende akapimwe na azungumze na aliyemwandikia. Katika majibu yangu yote hili ndilo pekee ninalokuambia ufanye bila kusita. Mengine ni ya kukaa nayo na kuyageuzageuza.

Tuje mwilini mwako. Nani amekuambia ukane ulichokiona? Siku 12 zimekuwa 2, hilo limetokea, na mimi nimefurahi nawe. Neno ninalotaka uliangalie ni dogo: "kwa sababu". Umeandika mwenyewe kwamba ulikuwa kwenye likizo ya miezi mitatu. Hukuwa na vikao, hukuwa na kijana anayekupigia usiku kwamba mfumo umeanguka, na nadhani ulilala usingizi wa kushiba, pengine kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Msongo na usingizi wa mang'amung'amu ni vichocheo vya kipandauso vinavyojulikana sana. Halafu, ulimwendea Mwalimu wakati mambo yamekufika shingoni. Ugonjwa wa kupanda na kushuka, ukiutafutia tiba ukiwa kileleni, mara nyingi njia iliyobaki ni ya kushuka, hata kama ungekunywa maji matupu. Ongeza ile saa na robo ya kusikilizwa, ambayo siidharau hata kidogo. Hospitali nyingi zimeisahau, na wagonjwa wanahama kwa ajili yake. Likizo, sindano, unga, kusikilizwa: umebadilisha vitu vinne kwa mpigo. Kijana wako kazini akifanya hivyo, halafu akaapa kwamba anajua ni kipi kilichoondoa hitilafu, unamjibuje?

Wala sisemi sindano ni upuuzi. Mwaka 2016 watafiti wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio na kuyapima kwa pamoja, walichapisha tathmini ya majaribio 22 ya sindano kwa wenye kipandauso, yenye washiriki 4,985. Katika watu 100 waliochomwa sindano, 41 mara zao za kuumwa kichwa zilipungua kwa nusu au zaidi. Waliobaki na huduma ya kawaida, ni 17. Ushindi mkubwa huo. Lakini kulikuwa na majaribio mengine ambamo baadhi ya watu walichomwa sindano za kuigiza, ama mahali pasipo pake ama zisizopenya, wenyewe wasijue. Huko waliopata nafuu ya kiasi hicho kwa sindano halisi walikuwa 50 kati ya 100, na kwa sindano za kuigiza 41.

Kaa na namba hizo kidogo. Mshabiki atabeba 41 na 17. Mwenye kubeza atabeba 50 na 41. Zote ni za kweli, na zinasema jambo ambalo halina raha kwa upande wowote: sindano inasaidia kidogo kuliko maigizo yake, na maigizo yenyewe yanasaidia sana. Video yako ingekuwa na hayo ndani yake ningeitazama mara mbili. Nahisi ina hadithi yako tu, na machozi, na "Dkt." chini.

Kinachonitisha ni ile safari ya kutoka kichwani kwako hadi kwenye saratani. Ulichoshuhudia ni kipandauso, cha mtu mmoja. Kwa presha na kisukari hukushuhudia kitu. Una madaftari tu. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 281 waliokuwa na saratani ambayo bado haijasambaa, ya matiti, tezi dume, mapafu au utumbo mpana, na ambao waliacha tiba ya hospitali wakachagua tiba mbadala peke yake. Walipolinganishwa na wenzao waliotibiwa hospitali, hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu. Soma tena: peke yake. Anayekwenda kuchomwa sindano za kutuliza kichefuchefu huku anaendelea na matibabu hayumo humo. Programu yako ya simu itajuaje kumtofautisha huyu na yule?

Na itamwuliza mgonjwa anameza nini kingine? Upo mmea mmoja wa maua ya njano, Hypericum perforatum, unaouzwa sana kwa wenye huzuni. Ni mtishamba halisi, una nguvu halisi, na kwa nguvu hiyo hiyo hulisukuma ini livunje dawa nyingine upesi: vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, dawa za kuzuia damu isigande. Mtishamba usio na madhara yoyote, mwanangu, mimi nauogopa kidogo. Huenda hauna na faida yoyote.

Usinielewe kwamba namwita Mwalimu tapeli. Simjui, na kwa unavyomwelezea anaonekana anaamini anachofanya. Tatizo ni kwamba kuamini hakupimi kitu. Kulikuwa na msichana Marekani, Emily Rosa, aliyetaka kujua kama watibabu wanaosema wanahisi nishati ya mwili wa mtu kwa viganja wanaihisi kweli. Alianza akiwa na miaka 9. Aliwaweka nyuma ya kizuizi wakapenyeza mikono yote miwili, yeye akasogeza kiganja chake juu ya mkono mmoja, uliochaguliwa kwa kurusha sarafu, akawauliza ni upi. Watibabu 21 walijaribu. Walipatia asilimia 44 ya mara zote, chini hata ya kubahatisha. Matokeo yakachapishwa mwaka 1998 kwenye jarida la chama cha madaktari cha Marekani. Watu wale hawakuwa waongo. Hakuna aliyewahi kuwawekea kizuizi, basi.

Sasa hilo neno Daktari. Lugha yetu imekuwekea mtego hapa. Aliyesomea nyota ni daktari, aliyesomea mashairi ni daktari, anayepasua matumbo ni daktari, na anayekuandikia usiku wa manane kuhusu mtoto mwenye pumu hana nafasi ya kuuliza shahada ya nini. Mfa maji atashika chochote. Kaka yako alikosea kukukatia simu, na maneno yake yalikuwa makali, lakini sidhani yalitoka kwenye dharau. Mfamasia anayaona kaunta kila siku mambo ambayo mimi na wewe tunayasoma. Nikuulize swali la pembeni: ukiondoa hizo herufi tatu kwenye video, ukajitambulisha kama mtaalamu wa kompyuta mwenye kipandauso aliyepata nafuu, Mwalimu bado atakutaka uwe sura yake? Huhitaji kunijibu mimi.

Usidhani naona njia hii imefungwa kwa mtu asiye tabibu. Tu Youyou wa Uchina hakuwa na shahada ya udaktari ya aina yoyote, si ya tiba wala ya uzamivu, alisomea famasia. Alipopewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria, alikwenda kwenye maandiko ya kale ya tiba asili ya Kichina. Mmea wa pakanga ulikuwa ukifanya kazi leo, kesho unakataa. Kitabu cha karne ya 4 kilisema ulowekwe kwenye maji na kukamuliwa, hakikusema uchemshwe, na hapo akashtuka kwamba pengine moto ndio unaoiharibu dawa. Akabadilisha njia, akatumia joto dogo, akajaribu kwa wanyama, kisha mwaka 1972 yeye na wenzake wakainywa wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Ndiyo artemisinini, ambayo dawa za mseto za malaria zinaitegemea hadi leo, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Ninachokipenda katika kisa hicho ni yale majaribio yaliyokataa. Aliyaandika. Daftari lake lilikuwa na nafasi za walioshindwa.

Turudi kwenye jedwali lako, maana mimi naona ndilo mlango. Mwalimu anasema aliyepona hana sababu ya kurudi, huku daftari lake linasema waliorudi ndio waliopona. Hayo mawili hayakai pamoja. Unaweza kumwomba ruhusa umpigie simu kila asiyerudi, mmoja mmoja, na kuandika chochote atakachosema: amepona, hakupona, amelazwa, hakupokea. Kwa kipandauso unaweza kuwapa wagonjwa shajara ya kuhesabu siku, kabla na baada. Hiyo ni kazi ya mtu wa kompyuta, na tiba asili inaihitaji kuliko inavyohitaji sura nyingine ya matangazo. Lakini ujue hatari yake. Mwalimu anaweza kukataa, na kukataa kwake kutakuwa jibu utakalolazimika kuishi nalo. Anaweza kukubali, ukakuta kwamba kwa vichwa anasaidia na kwa presha hasaidii, na hapo utahitaji moyo wa kumwambia mtu uliyelia mbele yake. Pia inawezekana ukagundua kwamba nafuu yako mwenyewe ilitoka kwenye usingizi, na sijui kama uko tayari kulisikia hilo. Mtu kumpokonya nafuu yake ni jambo zito, hata kwa takwimu.

Kuna njia ya kurudi darasani, ukasomea famasia au takwimu za afya, ukaingia ukiwa na jina linalolingana na kazi. Ni ndefu, una watoto, na ukiwa na kichwa hicho mitihani haitakuwa rafiki. Kuna njia ya kubaki ulipo, na hiyo nayo mumeo ameisemea vizuri kuliko anavyojua. Anaogopa kazi ile itarudisha ugonjwa. Kama ni kweli, basi hata yeye anaamini kwamba kilichokuponya, kwa sehemu, ni kutokuwa kazini. Je, unalikimbilia jambo, au unaikimbia meza? Wako watu wanaoacha kazi inayowaumiza bila kuhitaji kuwa mitume wa kitu kingine. Unaweza kuomba saa chache, kuacha usimamizi, kuhama ofisi. Barua yako haikutaja hata moja kati ya hizo, nikajiuliza kwa nini.

Umesema unacheka siku hizi. Sitaki upoteze hicho. Nadhani sehemu ya kicheko hicho ni kwamba watu wanakushukuru, jambo ambalo programu haiwezi kukufanyia, na baada ya miaka 14 ya kutafuta makosa ya wengine, ni tamu. Ila jiangalie katika ile dakika ya tano, ulipokuwa unaitazama orodha ya waliopona ukaona nafasi tupu. Hukuambiwa na mtu. Huyo aliyeziona ni wewe, na sijui kama kazi mpya unayopewa ina kiti cha kumkalisha.

Ile barua iache hapo ilipo kwa sasa, haiozi. Mpigie kaka yako, hata kama ni kwa kumwuliza tu jina la vidonge na hatari zake. Na ukimpata yule mama, niandikie amesemaje.